Viungo Vinavyouma Katika Mji wa Milima: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Rimatisi Bukavu

Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka. Kutoka Kadutu kwenda Nyawera unashuka, kurudi unapanda, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua hugeuza vijia vya katikati ya nyumba kuwa utelezi mtupu. Mwenye magoti mazima hata hafikirii. Mwenye goti linalouma huanza kupunguza safari moja moja: kwanza sokoni, kisha misa, kisha kuwatembelea jamaa, mpaka anajikuta amekaa kitini toka asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo ugonjwa unapopata nguvu. Kiungo kisichotembezwa hukakamaa zaidi, na msuli usiofanya kazi hunywea, ukabaki mfupa bila wa kuusaidia.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa mtoto au mjukuu anayeishi naye. Ninachoamini, na ninachowaomba msome kwa subira, ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu iko mikononi mwenu: katika namna ya kuamka, kubeba, kupika, kukaa, na kupumzika kabla maumivu hayajawalazimisha. Vidonge vina kazi yake pia, nami nitavieleza kwa kirefu, kwa sababu ndivyo vinavyowaumiza wengi.

Kwanza jua unaumwa nini

Tunasema rimatisi kwa kila maumivu ya viungo, lakini kuna magonjwa matatu ambayo lazima yatofautishwe, maana hayatibiwi kwa njia moja.

La kwanza ni atrozi. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limechakaa kwa sababu ya umri, uzito, ajali ya zamani au mizigo ya miaka mingi. Hushika magoti, nyonga, mgongo na vidole. Kiungo huuma kikitumika na kutulia ukipumzika. Asubuhi hukakamaa, lakini kwa kawaida hulegea ndani ya dakika 30.

La pili ni poliatriti. Hapa kinga ya mwili wenyewe hushambulia ngozi ya ndani ya kiungo. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na haingoji uzee: mama wa miaka 35 anaweza kuanza nayo. Vidole na viwiko vya mikono, yaani pale unapofunga saa, huvimba pande zote mbili, mwili unachoka bila sababu, na ukakamavu wa asubuhi huchukua saa nzima au zaidi. Mtu huyu asingoje. Kuna dawa za kuuzuia ugonjwa huu, na zinafaa zaidi zikianzwa mapema. Vidole vikishapinda, dawa haivinyooshi.

La tatu ni jongo, ambalo hospitalini utasikia wakiliita guti. Asidi ya yuriki ikizidi mwilini huganda ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Huja ghafla, aghalabu usiku, na hata uzito wa shuka hauvumiliki.

Ili kuanza kutofautisha, fanya jambo hili kwa wiki moja. Chukua daftari, andika kila asubuhi saa uliyoamka na saa ambayo vidole au magoti yalilegea. Andika pia ni kiungo gani kilivimba. Ukurasa huo mmoja utamsaidia daktari kuliko kusema tu "naumwa mwili mzima".

Na kuna hali isiyongoja daftari. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na chekundu, na homa ikawepo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na usaha hukiharibu kwa siku chache tu. Vilevile mtoto anayelia mikono na miguu mara kwa mara asipewe dawa za kupaka na kuambiwa anakua. Apimwe damu, hasa ugonjwa wa SS, yaani selimundu, ambao ni mwingi katika nchi yetu.

Asubuhi: usikurupuke kitandani

Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri upepo wa ziwa huingia hadi kwenye mifupa. Baridi haileti atrozi, ijapokuwa wazee wetu wengi wanaamini hivyo. Inachofanya ni kukaza misuli na kuufanya ukakamavu usikike zaidi. Basi lala na soksi, weka sweta karibu na mto, na usikanyage sakafu ya simenti kwa miguu mitupu.

Ukiamka, jipe dakika kumi ukiwa bado umelala. Kunja na kukunjua vidole vya mikono polepole. Zungusha vifundo vya miguu. Vuta kisigino kuelekea makalio mpaka goti likunjike kadiri linavyoruhusu, kisha linyooshe, mguu mmoja baada ya mwingine. Halafu geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mikono, kaa kidogo, ndipo usimame.

Joto husaidia kiungo kilichokakamaa. Chukua chupa ngumu, tia maji ya moto yasiyochemka, funga kizibo vizuri, ivingirishe ndani ya kitenge na uiweke kwenye goti kwa dakika 15 hadi 20. Kwa vidole, beseni la maji ya vuguvugu linatosha. Jaribu joto kwanza kwa ndani ya kiwiko cha mkono. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asipimie kwa miguu yake, amwombe mtu mwingine ampimie, maana anaweza kuungua bila kujua.

Kiungo kilichovimba na ambacho tayari ni cha moto hakihitaji joto. Hicho kipe baridi: kitambaa kilicholowa maji baridi, dakika kumi hivi, kisha pumzika.

Mazoezi matatu ambayo hayahitaji pesa

Najua inavyosikika kumwambia mtu anayeumwa goti afanye mazoezi. Lakini kwa atrozi ya goti, mazoezi ni miongoni mwa tiba zenye uthibitisho mkubwa kabisa. Msuli wa mbele wa paja ukiwa na nguvu, unachukua sehemu ya mzigo ambao vinginevyo ungeangukia gegedu.

1. Kaa kitandani, mguu umenyooka, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti. Bana paja ukilisukuma goti chini dhidi ya taulo. Hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi kila mguu.
2. Lala chali, kunja mguu mmoja, nyoosha mwingine. Inua ule ulionyooka kiasi cha shubiri moja na nusu, ushikilie, ushushe taratibu. Mara kumi.
3. Kaa kwenye kiti imara kisicho kifupi. Simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha kaa polepole bila kujitupa. Anza na mara tano. Ukishindwa, ongeza mto kitini, kwa sababu kiti kikiinuka kazi hupungua.

Kipimo cha kujua kama umezidisha ni hiki: maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari, lakini yakiongezeka na kudumu zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, kesho punguza. Usiache. Fanya angalau siku tatu au nne kwa wiki, na ujipe wiki sita hadi nane kabla ya kusema hayafai.

Ukiweza, muone kine, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, walau mara moja akurekebishe mwili. Hospitali kubwa za mji, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Panzi, ni mahali pa kuulizia, na kituo cha Heri Kwetu kina uzoefu mrefu wa kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo.

Mteremko, ngazi, bidoni

Watu huogopa kupanda, kumbe kwa goti bovu kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Unaposhuka, uzito wote hutua kwenye goti lililokunjika. Pale kijia kinapokuwa na nafasi, shuka kwa kupinda kushoto na kulia badala ya kukata moja kwa moja. Hatua ziwe fupi. Kwenye ngazi, unapopanda tanguliza mguu mzima, unaposhuka tanguliza mguu mgonjwa. Jizoeze hapo nyumbani kwenye ngazi mbili tatu hadi miguu izoee.

Fimbo ni rafiki, na inasikitisha kwamba wengi huikataa kwa aibu. Ishike kwa mkono wa upande ulio kinyume na goti linalouma. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu mgonjwa. Urefu wake: simama wima, mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiwiko cha mkono, pale unapofunga saa. Chini yake fungia kipande cha mpira wa tairi kwa ajili ya utelezi.

Viatu ni jambo fupi: kandambili zilizolika ni hatari kwenye matope ya Kadutu na Cimpunda. Tafuta kiatu chenye soli nene isiyo ngumu, kinachoshika kisigino. Kwenye mitumba hakikosekani.

Mizigo sasa. Bidoni, yaani dumu, ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20 na zaidi. Mama anayeibeba kutoka bombani hadi nyumbani kwenye mteremko analifanya goti lake liilipe kila hatua. Gawa maji kwenye bidoni za lita tano, chota mara nyingi zaidi, au mpe kijana wa nyumbani zile kubwa. Kamba ya kwenye paji la uso, ambayo mama zetu wamebebea magunia tangu utoto, huivuta shingo nyuma na kuukandamiza uti wa mgongo. Kama kubeba hakuepukiki, begi la mgongoni lenye mikanda miwili ni afadhali, na mzigo uwe karibu na mwili. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, acha jembe kwa wenye mgongo mzima, chukua ufagio wa mpini mrefu. Hakuna mwenye haki ya kukuona mvivu.

Ukipanda moto, yaani pikipiki, mwambie dereva asimame kando ya ukingo ulioinuka, upande kutoka hapo. Kurusha mguu juu ya kiti ukiwa chini bondeni ndiko kunakoumiza nyonga.

Jikoni, kwenye beseni la nguo, na chooni

Hapa ndipo nyumba zetu zinapowatesa wagonjwa bila mtu kukusudia, kwa sababu karibu kila kitu kiko chini: mbabula, yaani jiko la makaa, iko chini, beseni liko chini, kigoda ni kifupi, choo ni shimo. Mtu huchuchumaa na kuinuka mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Ukirekebisha kimo cha vitu hivi vinne, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Inua mbabula. Tofali chache zilizopangwa imara, zifike kimo cha paja, zinatosha kumwezesha mtu kupika akiwa amekaa kwenye kiti cha kawaida. Hakikisha hazitikisiki, hasa kama kuna watoto. Kusonga bugali ni kazi nzito kwa viwiko na vidole, basi vingirisha kitambaa kwenye mpini wa mwiko mpaka uwe mnene, maana kukamata kitu kinene hakuchoshi vidole kama kukamata chembamba. Shika mwiko kwa mikono miwili, mtu mwingine akishikilia sufuria. Kama familia ni kubwa, songa mara mbili kiasi kidogo badala ya sufuria moja kubwa. Kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, mwachie mwenye mikono mizima, au nunua iliyokwisha kutwangwa. Sufuria ya moto ishike kwa viganja viwili chini yake, na kitambaa kikavu, kuliko kuining'iniza kwa ncha za vidole.

Kufua kwa siku moja nguo za wiki nzima ni kosa linalolipwa siku tatu. Fua kidogo kidogo, leo mashati, kesho shuka. Beseni liwe juu ya benchi. Kukamua kwa kusokota huvielemea sana vidole vyenye poliatriti. Zungusha nguo kwenye bomba au nguzo, shika ncha zote mbili, uvute kwa uzito wa mwili. Au ianike ikichuruzika, jua la Juni na Julai litafanya kazi yake.

Choo watu hawapendi kukizungumza, lakini nimeona wazee wakipunguza kunywa maji ili tu wasiende chooni mara nyingi. Hilo huleta maradhi mengine. Mpe seremala kiti cha mbao imara, akate tundu katikati ya kikalio, asugue kingo zisichome, kisha kiwekwe juu ya shimo. Kigongewe pia mti au bomba ukutani wa kushikilia. Ni gharama ndogo, na inamrudishia mzee heshima ya kujihudumia mwenyewe. Kama nyumba ina mzee mwenye magoti mabovu, naomba hiki ndicho kiwe cha kwanza kutengenezwa wiki hii.

Kwenye ibada, kaa. Hakuna padri wala mchungaji atakayemkemea mama aliyebaki kwenye benchi wengine wakipiga magoti, na Mwislamu asiyeweza kusujudu anaruhusiwa kuswali akiwa kitini.

Chakula na uzito

Hakuna chakula kinachoponya atrozi wala poliatriti, na asiwauzie mtu unga wa miujiza. Uzito lakini una maana kubwa. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mtu mnene akipunguza kilo tano, goti lenyewe litamwambia. Anza na sehemu ya bugali: kata theluthi, ongeza lengalenga (mchicha), maharagwe, kabichi. Punguza mawese na soda. Aliyekonda kwa ugonjwa, huyo asipunguze chochote, bali ale zaidi.

Mwenye jongo ana masharti yake. Bia huongeza asidi ya yuriki, iwe ya chupa au kasiksi, ile pombe ya ndizi. Maini, figo na nyama nyekundu nyingi pia. Sambaza, samaki wetu mdogo wa Kivu, ni chakula kizuri kwa wengine wote, lakini samaki wadogo wanaoliwa wazima wana wingi wa kile kinachogeuka kuwa asidi hiyo, basi mwenye jongo awale kidogo na kwa nadra. Maharagwe hayana shida. Maji mengi yanasaidia.

Vidonge: soma hapa polepole

Kwa maumivu ya kawaida, watu wazima huanza na parasetamoli. Kiwango cha juu ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, vikipishana saa nne hadi sita. Mtu mwepesi, mzee, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji achukue chini ya hapo, kwa ushauri. Kwa magoti na vidole, dawa ya kupaka ya diklofenaki husaidia na ina madhara machache kuliko ya kumeza. Usiifunikie na chupa ya moto.

Ibuprofeni, diklofenaki na indometasini ni ndugu wa ukoo mmoja. Hupunguza maumivu na uvimbe, lakini huchimba vidonda tumboni, huchosha figo na kupandisha presha. Meza baada ya kula, kwa siku chache, na usichanganye mbili kwa pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au wa moyo asizimeze bila daktari, na mjamzito azikwepe, hasa kuanzia wiki ya 20. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha mara moja na uende hospitali.

Ninaloogopa zaidi ni deksametazoni na prednisoloni zinazotolewa kiholela. Ukiuziwa vidonge vya rangi mbili tatu kwenye karatasi isiyo na jina, na kesho yake ukaamka ukitembea kama kijana, shuku. Dawa hizi zinatuliza haraka kweli, na daktari huzitumia kwa sababu maalumu. Zikimezwa miezi kwa miezi hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa hadi ivunjike, huvimbisha uso na kuleta mtoto wa jicho. Na aliyezizoea asiziache ghafla, maana mwili umesahau kujitengenezea ya kwake. Azipunguze chini ya uangalizi wa daktari. Dai jina la kila kidonge liandikwe. Muuzaji akikataa, ondoka.

Mwenye poliatriti anaweza kuandikiwa metotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile, kamwe si kila siku. Kuimeza kila siku kumeua watu. Chagua siku, kwa mfano Jumatatu, uiandike kwenye kalenda ukutani. Huambatana na asidi foliki na vipimo vya damu, na haifai kwa mjamzito wala anayetaka kushika mimba. Pombe iachwe.

Kuchanjwa wembe kwenye goti kunakaribisha usaha na virusi vya damu. Mafuta ya kuchua yana nafuu yake ya muda, na mkono wa mjukuu unaochua una nafuu zaidi, ila kiungo kilichovimba kisikandwe kwa nguvu.

Ukienda kumuona daktari

Beba daftari lako la wiki, na mfuko wenye dawa zote unazomeza, pamoja na za kienyeji na za presha, kwa sababu baadhi ya vidonge vya presha vya kukojoza huongeza asidi ya yuriki. Vaa nguo inayopandishwa juu ya goti bila taabu. Nenda na mtu atakayesikiliza pamoja nawe. Uliza mambo manne: ni ugonjwa gani kati ya hiyo mitatu, kila dawa ni ya nini na ya muda gani, kipimo kipi ni cha lazima leo na kipi kinaweza kungoja pesa, na lini nirudi. Majibu yaandikwe kwenye daftari hilohilo kabla hamjatoka mlangoni.